Mdogo wangu wa Maine anataka karabini ya bei nafuu: achague ipi?

Baba Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa kwanza kati ya sita, na tangu baba yetu alipofariki mambo mazito ya familia hupitia mikononi mwangu. Hili ninalokuletea si la kawaida katika safu yako, lakini sina mwingine wa kumwuliza, kwa kuwa umewahi kuandika kwamba ulitembea miaka mingi na wawindaji wenye leseni katika mapori ya Haut-Katanga.

Mdogo wangu wa nne alibahatika katika loteri ya viza, akahamia Marekani na mke wake mwaka 2019. Wanaishi Lewiston, katika jimbo la Maine, wana watoto watatu, na wao wawili wana kadi ya ukaazi wa kudumu. Kila Novemba wafanyakazi wenzake huingia msituni kuwinda ayala, yule mnyama mwenye pembe za matawi ambaye sisi tunamjua kwa jina tu, kutoka kitabu cha Zaburi, kwani katika pori letu hayupo. Mdogo wangu alionja nyama yake kwa rafiki, na hapo akakumbuka likizo zetu za utotoni, wakati baba, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines, alipokuwa akitupeleka upande wa Kasenga na bunduki yake ya kaliba 12 yenye kibali, nasi tukirudi na nsya au pongo. Sasa anataka karabini yake mwenyewe, ya bolti, yaani ile unayovuta mpini kwa mkono baada ya kila risasi, na amenipigia simu: "Yaya (mkubwa wangu), wewe ndiye uliyekuwa ukibeba risasi za baba. Niambie nichukue ipi."

Ametenga dola 900 kwa kila kitu. Dukani ameona tatu: Savage Axis II, Ruger American na Mossberg Patriot. Rafiki mmoja wa kazini anamhimiza achukue kaliba, yaani ukubwa wa risasi, ya .300 Winchester Magnum ili asije akajuta mbele ya dume kubwa, na mwingine anasema 6.5 Creedmoor ndiyo ya kisasa. Yule wa kwanza amejitolea pia kuinunua kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu, asema, karatasi za mgeni huchelewa. Mdogo wangu ni mtu wa shoto, na hajawahi kumiliki silaha yoyote. Mke wake hataki kabisa bunduki iingie nyumbani, nami simlaumu, kwa maana wanaishi katika mji uliopoteza watu 18 kwa risasi usiku wa tarehe 25 Oktoba 2023.

Nami nina swali langu mwenyewe. Bunduki ya baba tuliikabidhi kwa wakuu baada ya msiba, na ukutani umebaki msumari mtupu. Je, siku mdogo wangu atakapoichoka hiyo karabini, anaweza kuituma huku kwetu?

Mtoto wa kwanza, Katuba

*

Mwalimu,

Ninajua barua hii utamsomea mdogo wako kwa simu, kwa hiyo nitatanguliza jibu. Anunue Ruger American ya mkono wa kushoto, kaliba ya .308 Winchester, akiikosa, achukue Savage Axis II ya mkono wa kushoto, kaliba hiyohiyo. Ainunue yeye mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Na asiitume Lubumbashi, leo wala baadaye.

Kuhusu bunduki zenyewe, aondoe kwanza hofu kwamba bei ndogo maana yake ni mtutu mbaya. Hizi tatu huuzwa kati ya dola 400 na 700 kufuatana na umbo lake na duka, na kila moja, ikipewa risasi inayoipenda, inaweza kuweka matundu matatu ndani ya duara la sentimita 4 au 5 kwenye shabaha iliyo umbali wa meta 100. Sehemu ya ayala inayobeba moyo na mapafu ina upana wa sentimita 20 hivi. Kwa hiyo mtutu wa bei nafuu tayari unapiga vizuri kuliko mwindaji yeyote mpya aliyepiga magoti kwenye majani yaliyolowa, huku pumzi zikimpanda. Watengenezaji wanapotaka kupunguza gharama hawapunguzi kwenye mtutu. Hupunguza kwenye kitako, kwenye magazini inayoshika risasi na kwenye ung'arishaji wa chuma, na huko ndiko mnunuzi anapaswa kutazama.

Savage, kwa mfano, hushikilia mtutu kwa nati, ili fundi aweze kupima kwa urahisi nafasi ambayo risasi inakaa kabla ya kukaza, na ndiyo sababu bunduki zake za bei ya chini zimejulikana miaka mingi kwa kupiga sawasawa. Lakini kitako cha plastiki cha Axis ni chepesi mno sehemu ya mbele. Ukiiegemeza kwenye gogo kwa nguvu, kinaweza kupinda na kuugusa mtutu, na risasi ikaenda pengine. Pia bolti yake hunyanyuliwa hadi nyuzi 90, na ikiwa mpya huwa ngumu kidogo. Jambo zuri la Axis II, tofauti na Axis ya kwanza iliyokuwa na kifyatulio kizito, ni ule mfumo unaoitwa AccuTrigger, ambao mwenye bunduki anaweza kuurekebisha mwenyewe. Ruger American ina meno matatu ya kufungia kwenye bolti badala ya mawili, kwa hiyo mpini wake huinuka nyuzi 70 tu. Mtutu umelazwa juu ya vipande vya chuma vilivyozama ndani ya kitako, na kifyatulio chake pia hurekebishwa. Mossberg Patriot ndiyo yenye sura ya kupendeza kuliko zote, hasa ile yenye kitako cha mti, na kwa mtu wa mkono wa kulia nisingekuwa na neno juu yake.

Lakini mdogo wako ni mtu wa shoto, na ninashangaa kwamba marafiki zake wamebishana juu ya kaliba bila kuliona hilo. Bunduki ya bolti ya kawaida ina mpini upande wa kulia. Anayelenga kwa bega la kushoto hulazimika kuiachia kwa mkono wa kufyatulia, kuupitisha juu ya darubini, kuvuta bolti, kisha kurudi na kutafuta upya mahali pa shavu. Mnyama aliyejeruhiwa hasubiri hayo yote. Zaidi ya hapo, kifungio cha usalama cha Patriot kiko pembeni mwa bolti, upande wa kulia, wakati cha Ruger na cha Axis kiko juu ya mgongo wa kitako, mahali ambapo kidole gumba cha mkono wowote hukifikia bila kutafuta. Kwa mtu asiyewahi kumiliki silaha, kifungio kinachofikika gizani, mkono ukiwa ndani ya glavu, kina thamani kuliko mti mzuri. Ruger na Savage zote mbili zimetoa bunduki hizi kwa mkono wa kushoto. Huenda hazipo kwenye rafu siku anapoingia, lakini muuzaji anaweza kuziagiza, na kungoja wiki mbili si hasara.

Sasa kaliba, jambo ambalo ninaomba umsomee polepole.

Nilipokuwa kijana nilipewa karabini ya kaliba kubwa iliyokuwa ya mgeni mmoja, niijaribu kabla ya safari. Ilinipiga teke begani mara tatu, nikasema iko sawa, kwa sababu niliona haya kusema kwamba iliniumiza. Siku ya tatu porini, swala dume alisimama mbele yangu kwa umbali usiofika meta 80. Jicho langu lilikuwa tayari, lakini bega lilikuwa linakumbuka. Nilifumba macho kabla ya kufyatua, mtutu ukayumba, na risasi ikampiga tumboni. Tulifuata damu hadi jua likatua, tukalala papohapo, na asubuhi tai ndio waliotuonyesha alipokuwa. Nyama yote iliharibika. Mnyama yule aliteseka usiku kucha kwa sababu ya aibu yangu, na hadi leo nikimwona kijana anachagua bunduki kwa kusifia ukubwa wa risasi, naisikia ile harufu.

Katika bunduki nyepesi ya kilo 3, teke la .300 Winchester Magnum hupita mara moja na nusu la .308. Hiyo ni kaliba ya wanyama wakubwa na ya masafa marefu, mikononi mwa mtu aliyeizoea. Msitu wa Maine ni mzito, na ayala wengi hupigwa kwa umbali usiozidi meta 100. Ni kweli kwamba dume aliyekomaa huko huweza kupita kilo 90 hata baada ya kutolewa matumbo, lakini ngozi yake si ya nyati. Kichwa cha risasi cha gramu 9.7, ambacho Wamarekani hukiita cha greni 150, kikitoka kwenye .308 kinapita mapafu yote mawili bila shida. Kaliba hii ilianza kuuzwa mwaka 1952, na tangu hapo karibu kila duka la risasi nchini humo huiweka, hata lile dogo la kijijini linalouza pia mkate na chambo cha samaki.

Rafiki aliyesifu 6.5 Creedmoor hakusema uongo. Ni kaliba nzuri, ilitolewa mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha za mbali, teke lake ni la upole kuliko la .308, nayo huua ayala vizuri. Kama bunduki ya shoto itapatikana kwa kaliba hiyo tu, aichukue bila wasiwasi. Napendelea .308 kwa ajili ya wingi wa risasi na kwa sababu kwenye meta 100 ule ufundi wa masafa marefu haumwongezei kitu.

Kuhusu dola 900, akienda akatumia 800 kwa bunduki atakuwa amekosea hata kama bunduki ni nzuri. Chuma kisichukue zaidi ya 550. Dola 200 ziende kwenye darubini ya kukuza mara 3 hadi 9, yenye kioo cha milimita 40. Leupold na Vortex zote zina za namna hiyo karibu na bei hiyo. Ajihadhari na bunduki zinazouzwa zikiwa zimeshafungwa darubini, kwa maana mara nyingi darubini hiyo ndiyo mahali ambapo bei ilipunguzwa zaidi, na alfajiri yenye ukungu haioni kitu. Kinachobaki, baada ya kodi ya mauzo, kiende kwenye risasi, kwanza maboksi mawili kisha mengine kila mwezi mpaka Novemba, na kwenye mavazi ya rangi ya chungwa nitakayoyataja.

Akifika uwanja wa shabaha, aanze karibu, meta 25 hivi, ili darubini ipate mwelekeo, ndipo arudi nyuma. Ikiwa .308 yake itapiga sentimita 5 juu ya alama kwenye meta 90, itapiga karibu na alama yenyewe kwenye meta 180, na hivyo ndani ya umbali wote atakaohitaji hatakuwa na sababu ya kupiga hesabu. Lakini asikae mezani siku zote. Porini hakuna meza. Akishahakikisha kwamba bunduki inapiga, ainuke, apige magoti, akae chini, aegemee mti, na umbali ambao risasi zake tano zote zinaingia kwenye sahani ya sentimita 20 ndio umbali wake wa mwaka huu. Ukiwa meta 60, basi ayala wa meta 90 amwache apite. Na nyumbani anaweza kujizoeza kufyatua bunduki tupu, risasi zikiwa chumba kingine, mpaka kidole kijifunze kuvuta bila kushtuka. Bunduki za namna hii haziharibiki kwa zoezi hilo.

Huenda mtu akamwonyesha karabini iliyotumika kwa bei ya kuvutia. Si vibaya, Savage 110, inayotengenezwa tangu mwaka 1958, hupatikana hata kwa mkono wa kushoto. Ila ikiwa ni Remington 700 au Model Seven, aulize habari za kifyatulio. Mwezi wa Aprili 2014 kampuni hiyo iliziita zirudi zile zenye kifyatulio kiitwacho X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi mwezi huohuo wa Aprili 2014, kwa sababu zilikuwa na hatari ya kufyatuka zenyewe. Kama muuzaji hana uthibitisho kwamba ilirekebishwa, aiache.

Nakuja kwa rafiki aliyejitolea kununua kwa jina lake. Pengine ana nia njema kabisa, lakini anachopendekeza ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani. Kila anayenunua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni hujaza fomu namba 4473, na swali mojawapo humtaka athibitishe kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi. Anayejibu ndiyo huku akimnunulia mwingine aliyempa fedha amesema uongo mbele ya serikali, na mdogo wako akishiriki, anaiweka hatarini ile kadi ambayo familia nzima imeingojea. Na hakuna haja yoyote. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua. Ataandika namba yake ya uhamiaji kwenye fomu, muuzaji atauliza kwenye mfumo wa ukaguzi unaoendeshwa na FBI, na jibu likichelewa atasubiri. Nawaambia pia wasomaji wengine wenye ndugu huko: ruhusa hii ni ya wenye kadi. Aliye na viza ya muda au ambaye kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa asiiguse silaha kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji.

Maine haitampa leseni ya kawaida ya kuwinda kwa bunduki kabla hajamaliza kozi ya usalama wa wawindaji, nami naifurahia sheria hiyo. Katika msimu wa bunduki atavaa vipande viwili vya rangi kali ya chungwa, kofia na kizibao, vinavyoonekana pande zote. Jumapili hakuna kuwinda jimboni humo, kwa hiyo ibada haitavurugika. Na ayala akipatikana, anapaswa kuandikishwa kwenye kituo ndani ya saa 18. Akimchuna, akate nyama kwa upana kuzunguka jeraha na asiwape watoto vipande vilivyo karibu nalo, kwa sababu vichwa vya risasi vilivyotengenezwa kwa madini ya risasi (plumbi) huacha chembe ndogo zisizoonekana. Au atumie vichwa vya shaba tupu, ambavyo ni ghali kidogo lakini havina madhara hayo.

Sasa swali lako mwenyewe, Mwalimu, ambalo nimelielewa vizuri. Silaha katika nchi yetu zinatawaliwa na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji na ile ya tarehe 28 Mei 1982. Bunduki haiingii bila kibali cha serikali kilichotolewa mbele, na Marekani nayo haimruhusu mtu kutuma silaha nje bila leseni. Karabini itakayofika Lubumbashi ndani ya mzigo wa nguo na vyombo itahesabiwa kuwa silaha ya magendo, na jina litakaloandikwa kwenye hati ya mashtaka ni lako, wewe unayefundisha watoto wa watu. Unaijua pia hali ya pori letu: pupu, zile bunduki za kienyeji za mafundi wa vijijini, zimekwisha kuwaondoa swala katika sehemu nyingi tulizozijua wewe na mimi, na wale walinzi wa hifadhi za Upemba na Kundelungu wanaobaki kuwalinda wachache waliosalia hawana haja ya bunduki moja zaidi. Ukitamani kuwinda tena, fuata njia aliyoifuata baba yako, ya kibali na msimu. Msumari wake, mwachie mdogo wako aamue kitu cha kuutundikia. Picha ya Kasenga, kama mnayo, ingekaa vizuri.

Amebaki mke wa ndugu yako, na kwangu yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Mwanamke aliyeona mji wake ukizika watu 18 hafundishwi ujasiri na shemeji kwa simu. Usimpigie ili kumshawishi. Mpigie ili umwulize anaogopa nini hasa, na umsikilize mpaka amalize. Kisha mwambie mdogo wako kwamba kozi ile ya usalama haihitaji kuwa na bunduki, na kwamba mke anaweza kuketi naye darasani na kuuliza maswali yake kwa mkufunzi. Kabla ya karabini kununuliwa, sanduku la chuma lenye kufuli linunuliwe kwanza, lifungwe kwa skrubu ukutani, na risasi ziwekwe katika sanduku jingine lenye kufuli lake. Gharama hiyo itoke katika zile dola 900, hata kama itabidi darubini ingoje mwezi mmoja. Ufunguo wa sanduku la risasi akae nao mke. Akikataa bado, fedha zikae benki, na mume aende msituni Novemba hii bila silaha, amesindikiza rafiki mwenye leseni, amevaa chungwa lake, ajifunze kusoma nyayo na upepo kama wewe ulivyojifunza nyuma ya baba yenu kabla hajakuruhusu kushika hata risasi moja.